Siku Niliyokuwa Mfalme wa Uingereza

Nilipotawazwa kuwa mfalme wa Uingereza nilikuwa sijamaliza kupiga pasi.

Mabinti wawili wa Madam, mkubwa wa miaka kumi na mitatu na mdogo wa miaka tisa, walikuwa na mchezo wa kuigiza shuleni: jinsi Wamarekani walivyogombana na Waingereza juu ya kodi mpaka wakaingia vitani na kujitawala. Mkubwa ndiye aliyekuwa kiongozi wa waasi, na nyumbani alihitaji mtu wa kumwasi. Baba yao alifanya kazi Riyadh na kurudi Jeddah wikendi tu. Madam hakutaka kusumbuliwa. Katika jumba lote lile la mtaa wa Al-Hamra, kichwa cha kuvishwa taji kilikuwa kimoja, cha mfanyakazi wa ndani kutoka Murang'a.

"Kazi yako ni kukaa na kukataa kila tunachoomba," mkubwa alinieleza.

Kukaa! Nilikubali kabla hajamaliza.

Wakanivika kitambaa cha meza mabegani, wakaniketisha kwenye kiti cha Madam kando ya bwawa la kuogelea. Mkubwa akaleta barua: kodi ya karatasi imezidi, na katika bunge lako hatuna wa kutusemea. Nikaitupa bila kuisoma. Akaleta ya pili. Hiyo nikapengea kamasi.

"Umejifunza wapi?" akauliza kwa furaha.

Nikawaambia Waingereza nawajua kwa masimulizi ya nyanya yangu. Walipoanza kutoza kodi kwa kila nyumba, baba yake nyanya alikuwa na wake watatu, kila mmoja na nyumba yake. Mzee akajiona mjanja, akabomoa mbili na kuwahamishia wote katika moja. Karani wa serikali alipita, akaikuta nyumba moja, akaenda zake. Hata vumbi lake halijatua, mke wa kwanza alikuwa amempiga wa pili kwa mwiko, na wa tatu amerudi kwao na mbuzi. Mzee alivumilia wiki mbili, kisha akazijenga zile nyumba upya na kumfuata karani mwenyewe, akalipe.

Mabinti walicheka mpaka wakaketi chini.

"Kwa hiyo hamkupigana?" mdogo akauliza.

"Tulipigana, lakini baadaye. Baada ya kodi kikaja kipande, kisha mashamba yakachukuliwa. Kaka yake nyanya akaingia msituni na bunduki ya kujitengenezea."

"Kipande ni nini?"

"Ni kama ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, ila kilivaliwa shingoni."

Mkubwa hakucheka tena. Alichukua kalamu akaandika kitu.

Mdogo, ambaye alikuwa jeshi zima peke yake, aliona mazungumzo yamekuwa marefu. Akakimbia jikoni, akarudi na kopo la majani ya chai ya Madam, ile ya wageni wa heshima tu, akalimimina lote bwawani. "Kodi ya chai hatulipi!"

Hapo ndipo Madam alipotoka nje. Aliyatazama maji. Akamtazama mfalme, na kitambaa chake cha meza.

"Nani kafanya hivi?"

"Waasi, mama," mdogo akajibu. "Yeye ndiye aliyetutoza kodi."

Nilitumia alasiri yote kuyavua majani ya chai kwa chujio la supu.

Jioni mkubwa alimpelekea mama yake karatasi. Mimi sikujua mpaka alipokuwa ameshaikabidhi. Alikuwa ameandika kwamba mfanyakazi wetu hajapumzika hata siku moja tangu aje, kwamba mkataba unasema apumzike, na kwamba Wamarekani waliandika barua kwanza, vita vilikuja kwa sababu mfalme hakusoma. Nilipoambiwa, nilijiona tayari uwanja wa ndege na begi langu.

Siku ya nne Madam alikuja jikoni, karatasi mkononi.

"Mimi si mfalme," akasema. "Nimesoma. Ijumaa, kuanzia adhuhuri hadi magharibi. Na kitambaa changu cha meza usikiguse tena. Halas, basi."

"Asante, Madam."

Mkubwa alinifuata akiwa amekasirika. "Nusu siku! Wamarekani wasingekubali."

"Wamarekani hawakuwa na kafili wa kuwashikia pasipoti," nikamwambia.

Ijumaa ya kwanza nilichukua teksi hadi Kandara, mtaa wa Jeddah wenye jina kama la kwetu, ambako Wakenya wenzangu wawili walikuwa wameniahidi chapati kwenye kihoteli cha bei ya chini. Niliwasimulia yote, na kiti na chujio. Walicheka hadi mwenye kihoteli akaja kusikiliza. Kisha mmoja wao akapangusa macho, akasema kwa Madam wake kuna watoto wa kiume tu, tena hawapendi kuandika.

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe ana kalamu. Hakuwa nayo. Mwenye kihoteli akampa yake.