Sehemu ya Kazungu Mwambani

Wenzangu mliovaa skafu ya skauti huku Matsangoni enzi zetu, bila shaka mnazikumbuka Jumamosi za bamvua. Asubuhi maji yakipwa sana, Mwalimu Katana alitupanga mistari miwili nyuma ya shule, akakagua kucha na soksi, kisha tukashuka pwani tukiimba. Kila mmoja alikuwa na kipande cha muhogo wa kuchemsha mfukoni, na kabla hatujaifikia minazi ya mwisho tulikuwa tumeshakimaliza. Soksi zilizokaguliwa kwa makini vile tulizivua papo hapo mchangani.

Mwalimu Katana alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Viumbe wa bahari hakutufundisha kwa kitabu. Alichuchumaa kwenye kidimbwi kilichoachwa na maji, akainua jiwe taratibu kwa mikono miwili, nasi tukamzunguka vichwa vikigongana. Chini yake palikuwa na mji mzima: kaa wadogo wakikimbia upande, konokono, jongoo bahari aliyejilalia, na vitu laini vyekundu na vya manjano vilivyoganda kwenye tumbo la jiwe.

"Hawa jua huwaua," alisema. "Tazama, chora, kisha lirudishe jiwe kama ulivyolikuta. Ukiliacha chali, umebomoa nyumba ya watu ukaenda zako."

Mwamba aliugawa sehemu mbili. Ya kaskazini ilikuwa ya kikosi cha Korongo, nami ndiye niliyekuwa kiongozi wake. Ya kusini ilikuwa ya kikosi cha Kipanga, na kiongozi wake alikuwa Kazungu, rafiki yangu tuliyekula naye sahani moja kwao na kwetu. Kila kiongozi aliwajibika kwa sehemu yake, hata kama kosa limefanywa na mwingine.

Kazungu alijaliwa mkono wa kuchora. Kaa wake ungemwogopa karatasini. Mchoro wangu siku moja aliutazama sana, akauliza, "Kiongozi, huyu ni kaa au birika?" Kikosi kizima kikaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini moyoni iliniuma.

Ndipo tukaambiwa kamishna wa skauti angekuja kutoka Kilifi. Kikosi kitakachoonyesha kuijua pwani vizuri zaidi kingekwenda kambi kubwa. Nilijua kwa michoro hatuna letu. Basi Ijumaa, siku moja kabla ya mgeni kufika, nilijitia kuumwa tumbo. Mama alinipikia uji wa mtama, akanishika paji la uso, akaniambia, "Lala baba, shule haikimbii." Alipokwenda shamba nilichukua ndoo ya baba, nikapita njia ya minazini, nikashuka mwambani peke yangu.

Nilikwenda sehemu ya Kazungu, kwa kuwa mawe yake ndiyo yaliyokuwa na viumbe wengi. Nilipindua jiwe baada ya jiwe, nikajaza ndoo kwa viumbe hai, nikiwaza jinsi kamishna atakavyoshangaa. Maji yalipoanza kurudi niliingiwa na haraka. Sikurudisha hata jiwe moja.

Kufikia alfajiri ndoo ilikuwa inanuka. Wote walikuwa wamekufa. Niliwafukia nyuma ya choo, nikavaa skafu yangu nikaenda.

Kamishna alipofikishwa kusini mwa mwamba, mawe yalikuwa chali, matumbo yao yamegeuka meupe, na kunguru wakidonoa kilichobaki. Mwalimu Katana alilirudisha jiwe moja lilivyokuwa.

"Kazungu, hii sehemu ya nani?"

"Yetu, Mwalimu."

"Nani amefanya haya?"

Kazungu alinigeukia. Alinitazama. Hakunikunjia uso wala kuninyooshea kidole. Alinitazama tu, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kufunga kamba za viatu. Mimi nikageuka nikaangalia bahari. Mwalimu akamvua skafu mbele ya mgeni, akaikunja, akaitia mfukoni.

Tulikwenda kambi sisi Korongo. Kazungu hakurudi skauti tena. Mimi nami nikaanza kupitia njia nyingine, ili nisiione nyumba yao. Mwalimu Katana amekwisha fariki, na hadi anazikwa aliamini ni Kazungu aliyeshindwa kulinda mwamba wake. Nilihudhuria maziko. Hata siku ile sikusema.

Mwaka jana walimu wa shule ya wajukuu zangu waliniomba nifuatane na klabu yao ya mazingira pwani. Watoto wa siku hizi wanashuka mwambani na viatu, na kabla ya kumtazama kaa wanampiga picha kumi. Nikamuuliza mmoja maji yatarudi saa ngapi, akanijibu, "Ngoja babu, simu inatafuta." Nilicheka mwenyewe.

Lakini baadaye mwalimu wao alikuta tumbawe limevunjwa, akauliza ni nani. Msichana mmoja, hata miaka kumi hana, akajitokeza mbele ya wote. "Ni mimi, Mwalimu. Nililikanyaga." Nikatafuta pa kukaa.

Wiki ile ile nilikwenda Takaungu, ambako Kazungu anakaa kwa binti yake. Nilimkuta barazani, mkongojo ukutani.

"We mzee, umekuja kunizika au umekuja kunywa chai?"

"Nimekuja kukwambia jambo. Yale mawe niliyapindua mimi."

Alikoroga chai yake. "Najua. Nilikuona kwa dirisha la darasa ukipita minazini na ndoo ya babako, wewe mgonjwa wa tumbo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe. Jumatatu nikangoja, Jumanne nikangoja. Kisha ukaacha kupita kwetu." Akanywa kidogo. "Skafu haikuniuma sana, ndugu yangu. Nilikosa mtu wa kushuka naye pwani. Peke yangu sikuweza, nikaacha kabisa. Hata kuchora niliacha."

Nilimwomba radhi, naye akasema amenisamehe zamani, akamwita binti yake aniongezee chai.

Enzi zetu tulizijua saa za maji bila kuuliza mtu, na majina ya viumbe tuliyajua kwa kuwagusa. Watoto wa leo hawana hayo, nasi wazee huwacheka. Ila yule msichana alisema neno lake kabla jua halijapanda, nami langu nilikaa nalo hadi nikazeeka. Nilimwuliza Kazungu kama tungeweza kushuka pwani siku moja, sisi wawili tu. Aliangalia magoti yake, akatabasamu, akasema, "Ungeniuliza Jumatatu ile."