Nilisema Ni Malaria, Wakaniambia Nipumzike

Akina mama wenzangu wa jumuiya, leo nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu mwenyewe, na kwa hilo peke yake namshukuru Mungu. Mimi ni Nyangeta. Hapa Kamunyonge wengi mnanijua kwa maziwa. Ng'ombe wangu wako Bugwema kwa kaka yangu. Nilikuwaga mtu wa kuumwa mara chache. Malaria ikinipata, napima, nameza dawa, baada ya siku mbili tatu niko Bugwema zizini.

Mwaka jana kikundi chetu cha maziwa kilinichagua niende Italia miezi mitatu, huko mashambani, kujifunza kutengeneza jibini. Nilikaa kwa mama mmoja mjane, Lucia, na binti yake Elena. Elena alijua Kiingereza, na mimi nina kile cha sekondari. Tulielewana hivyo hivyo.

Ikafika Jumapili ya wiki ya sita. Jumapili kule hakuna kazi. Walitandika meza nje, wakala taratibu kuanzia saa saba mpaka saa tisa, kisha kila mtu akatafuta kivuli akajilaza. Siku nzuri kweli. Ila mimi viungo viliniuma tangu Ijumaa, mdomo mchungu, na kwenye jua lile nikaanza kutetemeka mpaka meno yanagongana.

Nikamwambia Elena, "Hii ni malaria."

Akatabasamu. "Hapa hakuna malaria, Nyangeta. Umechoka tu. Leo ni siku ya kupumzika, kalale."

Nikalala. Nikatapika chakula chote kwenye ndoo, kisha maji ya njano. Wakampigia daktari wa zamu. Akauliza maswali machache kwenye simu, akasema ni mafua na jua. Ninywe maji, nimeze kidonge cha homa. Nikamwomba Elena amwambie natoka Mara, kwetu kuna mbu. Akasema ameshamwambia. Mpaka leo sijui kama alimwambia.

Nilikasirika, jamani. Ugonjwa huo naujua tangu utoto. Nimeuguza nao watoto wanne. Na kila nikisema, wananishika bega na kuniletea mto mwingine.

Nilipoenda chooni, mkojo ulitoka mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Nikampigia mdogo wangu Bhoke, nesi kule Bunda.

"Dada, umepimwa damu?"

"Hawataki. Wanasema nipumzike."

"Usipumzike. Mkojo ukiwa mweusi hivyo unaenda hospitali sasa hivi. Wakikukatalia, wasumbue."

Gari la Lucia lilikuwa uani, halijafungwa. Nikatembea nimeshika ukuta, nikaingia, nikafunga mkanda. Lucia akatoka na ndala, Elena nyuma yake.

"Nyangeta, shuka. Rudi kitandani, kesho tutaenda."

"Sishuki. Kesho mtabeba maiti."

Elena akamtafsiria mama yake. Lucia akaniangalia usoni, macho yangu yalikuwa yameshakuwa ya manjano. Akaingia ndani, akarudi na funguo. Tukaondoka.

Hospitalini, daktari mmoja, dada mdogo tu, aliniuliza natoka nchi gani. Nilipojibu akanifunga mpira mkononi hapo hapo, akatoa damu. Baadaye akarudi. "Ni malaria kali. Imeanza kugusa figo. Umekuja kwa wakati."

Nililazwa siku sita, dripu mikono yote miwili. Masikio yalivuma, nywele zikakatika. Elena alikaa pembeni akilia. "Nilidhani nakutunza," akasema. Nikamjibu najua. Lakini siwadanganyi, hasira haikutoka upesi. Hata homa iliposhuka nilikuwa nalala nikibishana nao kichwani.

Sasa nimepona. Namshukuru Mungu, namshukuru Bhoke na yule daktari, hata Lucia aliyenifulia nguo bila kuona kinyaa. Hawakuwa watu wabaya. Walinipenda, na bado nilikaribia kufa mikononi mwao.

Mkisafiri mbali, semeni mnatoka wapi kabla hamjaulizwa. Msiposikilizwa, semeni tena, hata mkionekana hamna adabu. Na hata hapa nyumbani, msingoje. Mama Nyamisi, wewe uliyekaa pale mwisho, nimekuona tangu naanza kuongea umejifunika kitenge mpaka shingoni na joto hili. Tukitoka hapa, mimi na wewe tunaenda kupima.