Mkorosho wa nyuma ya nyumba

Jamani, leo nimeumbuliwa na mkorosho.

Asubuhi nimetoka Nachingwea kuja Matambarale kumsaidia mama kuokota korosho. Mnakumbuka shahada yangu ilikuwa ya sheria na biashara kwa pamoja? Marehemu baba aliamini kabisa kwamba hizo ni ada mbili, akagawa shamba, kila upande ulipe ada yake. Mikorosho ya upande wa barabara ikawa Sheria, ya upande wa kichuguu ikawa Biashara.

Mpaka leo mama anaiita hivyo hivyo.

"Ukimaliza Biashara, njoo unisaidie huku Sheria."

Nimecheka mpaka mabibo yamenidondoka mkononi.

Basi kiherehere changu, nikamwonyesha ule mkorosho mkubwa wa nyuma ya nyumba. Ule baba alikuwa hataki uguswe, mavuno yake yalikuwa ya kununulia bati za nyumba.

"Mama, na huu unaitwaje?"

"Huo? Huo ni Mwaka wa Kurudia."



Sikuwahi kumwambia mtu kwamba nilifeli mwaka wa tatu. Nyumbani nilisema kozi imeongezwa mwaka mmoja, basi.

"Kwa hiyo baba alijua?"

"Alijua siku ileile uliyopiga simu. Akasema tusikuulize, usije ukaogopa kurudi nyumbani."

Semeni ukweli, kwenu ni uongo gani wazazi wanaujua na wamenyamaza tu?

Mimi bado nipo chini ya huu mkorosho, naokota.

Bati nilikuja kuziweka mimi. Baba hakuziona.