Kengele ya Chumba Kilichofungwa

Asubuhi taa za korido bado zinawaka, na chini ya ngazi za hospitali mwanamke mmoja anaangalia kioo cha kompyuta bila kupepesa macho. Juu yake kengele inalia mara moja, inanyamaza. Anahesabu pumzi, anasikia viatu vya nesi, ndipo anarudi kazini.

Manesi humwita Mama Kengele. Ndiye anayetunza programu ya kompyuta, iliyoandikwa kwa lugha ya Java, inayopeleka mlio kutoka kitandani kwa mgonjwa hadi kwenye meza yao.

Bosi amemtaka alinganishe zana mbili za kuandikia programu, ibaki moja.

"Hii nyepesi, inafunguka kabla sijakaa vizuri," anasema. "Ile nzito inakula kompyuta kama mchwa. Ila inachungulia kila kona, kama mama mkwe."

Jumatatu, ile nyepesi ilipaka kijivu mistari fulani ya zamani ya programu, maana yake hakuna kinachoiita ifanye kazi. Akaifuta. Akajaribu vitanda vitatu, vyote vikalia. Akaenda nyumbani roho imetulia.

Jioni ile, kwenye meza ya manesi, ikawaka taa ya chumba kilichofungwa tangu mwaka jana.

"Tukatazamana," anasimulia nesi wa zamu. "Mwenzangu akainuka, nikamvuta gauni. Kaa chini wewe, kule hakuna mtu wa kutaka maji!"

Ikalia tena. Na tena.

Aliyekuwa akibonyeza ni mama yake Mama Kengele, amelazwa kando ya dirisha katika wodi iliyo jirani na meza ya manesi, kifua kimembana. Kitanda chake kilihamishwa kutoka chumba kile pamoja na kitufe chake. Mistari iliyofutwa ndiyo iliyokuwa ikibadilisha namba ya zamani kuwa mpya.

"Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi," anasema bibi huyo, sauti bado nyembamba. "Nawasikia wanaapa hawaendi. Nikasema, kumbe nimeshakufa, ila sijaambiwa."

Mfagiaji ndiye aliyemkuta.

Kesho yake Mama Kengele aliirudisha mistari, akaifungua kwenye ile zana nzito. Ikamwonyesha jina la mistari ile kwenye faili la mipangilio, nje kabisa ya Java, mahali ambapo ile nyepesi haikutazama.

Bosi alilalamika kwamba nzito itadai kompyuta mpya. "Nikamwambia, bosi, njoo umweleze mama yangu." Akakubali.

Lakini imebaki mistari mingine ya kijivu. Hata zana nzito inasema hakuna kinachoiita.

"Sifuti," anasema Mama Kengele, akishusha sauti. "Nitapita chumba kwa chumba, nibonyeze kila kitufe, nisikie kinalia wapi. Nataka anayeita aitikiwe, basi."

Leo mchana anaanza na kile kilichofungwa. Nesi wa zamu amekubali kumfungulia mlango. Kuingia, amekataa.