Bi Kazija na Mashine ya Ulfat

Kwa miaka kumi na tisa, mtu akitaka kujua kama dume lake lina mbegu za kutosha, liwe la ng'ombe au la mbwa, alimtafuta Bi Kazija. Kliniki ya mifugo pale Mpendae ilikuwa na chumba kimoja tu cha maabara, na kila kilichokuwemo aliona ni chake: darubini, kiti cha mbao, na kile kioo kinene kilichochorwa miraba midogo midogo.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Alichukua tone la manii, akalizimua mara mia kwa maji yenye dawa ya kuzituliza mbegu, akalitia kwenye kioo na kusubiri zilale chini. Kisha aliinamia darubini, akahesabu mraba wa katikati, moja moja, kidole gumba kikibonyeza kidude cha kuhesabia. Kioo kina pande mbili. Hesabu zake zikipishana sana, alimwaga akaanza upya. Zikikubaliana, wastani wake ndio mamilioni yaliyomo katika kila mililita.

Mtaani walimwita Kazija wa Mbwa. Wako majirani waliokuwa hawanywi chai yake, ingawa mbwa wenyewe hakuwagusa. Aliyewashika ni Daktari Abdulwahid, Bi Kazija akiletewa kichupa tu. Hata hivyo kila siku akirudi alinawa mara saba, moja kwa udongo, ili asisikie la mtu. Aliyavumilia yote kwa sababu ya neno moja la Daktari. Mwenye mbwa akiuliza, "Una hakika?" Daktari alikuwa akijibu, "Kahesabu Bi Kazija."

Ndipo akaja Ulfat, binti wa miaka ishirini na sita, ametoka masomoni Morogoro, na pamoja naye ikaja mashine ukubwa wa redio. Unatia tone, mwanga unapita ndani yake, na kadiri manii yanavyouzuia mwanga ndivyo nambari inavyopanda. Sekunde chache, basi.

Wiki ya kwanza darubini ilisogezwa pembeni, karibu na friji. Wiki ya pili wateja walianza kumwita Ulfat daktari, naye hakuwa daktari. Hakuna aliyemwita Ulfat wa Mbwa. Jirani yule yule aliyekataa chai ya Bi Kazija alimsimamisha njiani kumuuliza kama yule binti msomi ameshaposwa. Bi Kazija alijibu hajui, akaendelea na safari yake.

Kilichomuudhi zaidi ni kuwa Ulfat hakuwa na baya. Kila asubuhi: "Shikamoo, Bi Kazija." Naye: "Marahaba," kwa sauti kavu. Siku moja binti alivuta kiti.

"Bi Kazija, hebu nionyeshe unavyohesabu. Kule chuoni sisi tulifanya mara mbili tu."

"Una mashine yako," Bi Kazija alisema bila kuinua macho. "Ya nini kujitaabisha?"

Mwezi wa tano, tarehe tatu, alikuja Nahodha wa Paje, mtu anayefuga mbwa wa ulinzi na kuyapelekea mahoteli ya pwani. Alimleta Jabali, dume lake kubwa, na jike aliyekuwa kwenye joto. Alitaka mbegu za Jabali zipandikizwe siku ile ile, kwani jike mwenyewe alikuwa mkali, hakubali kupandwa. Daktari alikinga mililita mbili. Ulfat alitia tone mashineni.

"Milioni mia mbili na tano kwa mililita," alisema. "Jumla mia nne na kumi."

"Mashaallah," alisema Nahodha. Daktari alitabasamu, akamwambia, "Huyu binti katurahisishia kazi."

Neno lile lilimwingia Bi Kazija kama mwiba. Walipotoka kwenda kumshughulikia jike, alichukua tone lililobaki kichupani. Hakuna aliyemtuma. Alizimua, akasubiri, akahesabu. Upande mmoja thelathini na nane, wa pili arobaini na moja. Hata kwa mililita zote mbili, milioni themanini kamili hazikufika. Na kati ya mbegu zilijaa chembe za duara, chembe za usaha. Alielewa mara moja: mashine haijui mbegu ni ipi na uchafu ni upi, inajua mwanga umezuiwa tu. Mbwa yule alikuwa mgonjwa.

Moyo wake uliruka kwa furaha, na furaha ile hakuweza kuikana nafsini mwake. Aliandika nambari kwenye karatasi, akatia tarehe na sahihi kama alivyozoea, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. Chumba alimokuwa Daktari kilikuwa hatua kumi tu. Hakwenda. Wacha jike asishike mimba, alijiambia, tuone mashine itasema nini.

Alisubiri kama anayesubiri harusi. Baada ya wiki nne jike alipimwa, tumbo tupu. Nahodha alikuja na Jabali pia, na Jabali hakuwa yule. Alitembea miguu ya nyuma imekakamaa, anakojoa damu. Daktari alimpapasa, akasema tezi dume imeoza kwa maambukizi, na kwamba si jambo la jana.

"Lakini mbegu zilikuwa nyingi," Ulfat alisema, machozi yanamlenga. "Niliona mwenyewe. Labda nimekosea mimi."

Bi Kazija alitoa karatasi, akaiweka mezani mbele ya Daktari. "Mashine yake ilihesabu usaha," alisema. "Mimi nshahesabu zamani."

Daktari aliisoma. Akaisoma tena, kidole kikasimama juu ya tarehe.

"Tarehe tatu," alisema taratibu. "Ulijua tangu tarehe tatu, Bi Kazija?"

Nahodha alimtazama, kisha akamtazama mbwa wake aliyelala sakafuni, akatoka nje.

Jabali aliishi, lakini alilazimika kuhasiwa, ukawa mwisho wa kizazi chake. Daktari hakumfukuza Bi Kazija. Aliagiza tu kwamba tangu siku ile kila nambari ya mashine ihakikishwe kwa kioo, na kwamba Bi Kazija amfundishe Ulfat mpaka hesabu zao zifanane. Na lile neno, kahesabu Bi Kazija, hakulisema tena.

Basi akafundisha. Ulfat alikosea, akarudia, hakumkumbusha hata mara moja yaliyopita. Mwezi wa nane alimpa Bi Kazija matokeo ya mbwa wa Chwaka: upande mmoja mia na sitini na mbili, wa pili mia na sitini. Kazi safi, na kwa nusu ya muda aliohitaji yeye.

Wivu ulimpanda palepale, mzima, kama siku ya kwanza. Alitaka kusema rudia. Akazisoma tena zile nambari mbili.

"Sawa," alisema mwishowe. "Mpelekee Daktari."

Ulfat akaenda nayo, na Bi Kazija akabaki akikiosha kioo.