Redio Darini kwa Mama Mkwe

Jumamosi moja ya Januari nilifungua kabati la mama mkwe wangu, nikakuta nguo zinayumba zenyewe.

Milango imefungwa. Madirisha yamefungwa. Sweta zinacheza kama zimeanikwa nje!

Nikapiga yowe.

"Upepo tu huo, Marlys," akasema Ardis, mama mkwe wangu, miaka themanini na moja. "Funga, baridi inaingia."

Upepo? Ndani ya kabati?

Huku kwetu Duluth, kaskazini mwa Marekani, kando ya ziwa, Januari ni nyuzi ishirini chini ya sifuri. Bibi wa watu alikuwa analala na koti, kofia na soksi jozi mbili. Hita inanguruma kutwa, bili ya gesi inatisha. Mume wangu Dale alishaamua: nyumba iuzwe, mama apelekwe makao ya wazee.

Na aliyejitapa kuizuia baridi ile ni Verlyn, mdogo wake Dale.

Ngoja niwaambie kuhusu Verlyn. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mdomo mita kumi, kazi sifuri. Anavaa mkanda wa vifaa vya ufundi hadi kanisani. Nyundo yake ina lebo ya dukani mpaka leo.

Vuli ya mwaka juzi alijifungia darini siku tatu, eti anatandaza sufi ya kuzuia baridi. Akashuka na vumbi nyusini, tukampigia makofi. Mimi nikamwokea keki.

Keki, jamani!

Nilipomweleza habari ya kabati, akacheka.

"Shemeji, dari ile nimeifunga mwenyewe. Hata pumzi haipiti. Mama ni uzee tu, damu imepoa."

Nikaita mkaguzi, dada mmoja mfupi anaitwa Renata. Akafunga feni kubwa mlangoni, ikawa inavuta hewa ya ndani kuitoa nje, ili kila ufa ujitaje. Akazunguka na kijiti cha moshi. Verlyn nyuma yake, anamfundisha kazi. Anamfundisha mkaguzi!

Kufika kabatini, moshi ukapigwa chini kama umezabwa kofi.

Renata akatazama juu. "Kumbe mlango wa dari uko humu. Ngazi iko wapi?"

Verlyn akaziba mlango wa kabati. "Hakuna haja. Huko nilishamaliza."

Tukapanda.

Mbao tupu! Pembeni, marobota kumi na nane ya sufi, bado yako kwenye nailoni ya dukani. Katikati, kiti cha kukunja, redio na makopo ya bia. Siku tatu zile bwana mkubwa alikuwa anasikiliza mpira wa magongo wa kwenye barafu.

Nikashuka na kopo mkononi.

"Fundi! Sufi yenyewe ndiyo hii?"

"Shemeji, nilitaka kuanza, halafu mgongo..."

"Mgongo gani? Unao? Mama yako analala na kofia, wewe unatuzungushia nyundo kanisani! Mbwa ana aibu kuliko wewe!"

Akainamisha kichwa. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa napasha. Mara Ardis akagonga meza.

"Mwache. Nilijua."

"Ulijua nini, Mama?"

"Redio niliisikia siku zote tatu. Nilikuwa nagonga dari kwa fagio, anashuka, tunakula wote. Nikilalamika baridi, kesho yake huyu hapa. Anagusagusa dirisha, anakunywa kahawa, anadanganya weee mpaka jioni. Ningesema, ungemfukuza. Nani angekuja?"

"Si sisi tupo, Mama?"

"Ninyi mnakaa nyumba ya nne kutoka hapa. Kabla ya habari hii ya kabati ulikuja lini?"

Nikahesabu miezi. Sikukuu ya Shukrani, Novemba. Dakika ishirini, tena sikuvua hata koti.

Renata akajifanya anakagua feni yake.

Sufi ilitandazwa wiki ileile. Nyumba haikuuzwa. Ardis sasa anapika akiwa na gauni la mikono mifupi, na hita inapumzika.

Verlyn bado namdharau, na nitamdharau mpaka nizikwe. Ila ile sauti niliyomfokea nayo, siku hizi najifokea mwenyewe.

Usimuulize mzazi kwenye simu kama yuko salama. Atakwambia yuko salama. Nenda ukae naye, mpaka baridi yake uisikie wewe.