Majivu Chini ya Tairi

Mume wangu alipunguzwa kiwandani miaka ile tuliyokuwa tukiambiwa sasa soko ni huria, kila mtu ajitegemee. Kiinua mgongo chake chote akanunulia pikapu iliyotumika Japani, tukawa watu wa mboga. Jioni alipanda Mgeta, kule juu milimani, akalala kwa mjomba wangu, alfajiri akapakia kabichi na karoti, na asubuhi yuko sokoni Morogoro mjini. Mimi nilibaki Mafiga, hapohapo mjini, na watoto.

Miezi ya joto mambo yalikwenda vizuri. Kipupwe kilipoingia ndipo maneno yakaanza. "Kuna mtu ananitolea upepo kwenye matairi," alisema, huku ameshika geji yake ya kupimia, aliyoipenda kuliko alivyonipenda mimi. Jioni kabla ya kupanda anapima hapa Mafiga, sawasawa. Asubuhi akipima Mgeta, upepo umepungua. "Yote manne, mama watoto! Pancha gani hiyo ya kupiga matairi manne kwa mpigo?"

Nikamjibu hana lolote, anatafuta sababu ya kuhamia kulala kwingine, kwa yule muuza nyanya mwenye mwanya. Akacheka kwa hasira. Yeye mtu wake alikuwa ameshampata: mjomba. Kipupwe kilipokuwa kinaanza alifyeka migomba ya mjomba ili gari lipate pa kugeuzia, bila kuomba. Sasa, kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na kaka yake mama ndiye mwenye neno. Mume aliyekuja kuoa hafyeki mgomba ovyo. Mjomba hakumgombeza, alisema tu, "Haya, baba," akaanza kuokota majani. Hiyo "haya" ndiyo iliyomnyima mume wangu usingizi.

Basi kila asubuhi anapiga pampu ya mguu kwenye baridi ile mpaka jasho linamtoka, tairi liwe gumu kama jiwe. Siku moja ameshafika chini kwenye lami, jua limepanda, tairi moja likapasuka. Kabichi zikatapakaa barabarani mpaka mtaroni. Akarudi nyumbani anasema mjomba anataka kumuua, na kwamba mimi na watoto tusikanyage tena Mgeta. Hapo nikawaka. Pale nilizaliwa, mama yangu kazikwa pale, nani wa kunizuia? Nikamwambia twende wote tukamkamate huyo mtoa upepo, na akiwa ni mjomba nitamwambia mwenyewe usoni.

Tulifika mchana, jua bado lipo. Mjomba aliitikia shikamoo zetu, akaulizia watoto mmoja mmoja, na mimi nikawa naviangalia vidole vyake tu. Jioni mume wangu akachota majivu jikoni, akayamwaga kulizunguka gari zima, laini kama unga. Atakayesogea ataacha unyayo.

Asubuhi majivu yalikuwa vilevile, kapita kuku tu. Mume wangu akapima: upepo umepungua, matairi yote manne. Nikashusha pumzi, nikajua mjomba wangu kasalimika. Kumbe wapi! Mume wangu alirudi nyuma, uso umembadilika, akasema kwa sauti mbele ya akina mama waliokuwa wakitua matenga ya kabichi: "Mmeona? Hana hata unyayo! Huyu si mtu wa kawaida huyu."

Akina mama wakaangalia chini. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Alichukua jembe lake, akashuka shambani.

Niliingia jikoni kwa hasira. Dumu langu la mafuta nililokuja nalo, ambalo jana yake nililianika tupu juani na kulifunga kizibo jua lingali kali, nikalikuta limebonyea ubavuni. "Na hili nani kalikanyaga?" Nikalisukumia karibu na moto. Nimeinamia sufuria ya uji, nikasikia pwaa! Dumu limerudi lilivyokuwa, wala hakuna aliyeligusa. Nikalitoa nje kwenye ukungu, likabonyea tena taratibu. Nikalirudisha jikoni: pwaa! Baridi, jamani! Baridi tupu.

"Njoo umwone mchawi wako," nikamwita mume wangu. Akatazama, akaniomba nirudie. Siku hiyo hakupiga pampu. Tulishuka polepole, na kule chini kwenye lami ya moto akasimama, akapima. Upepo ulikuwa kama alivyoupima Mafiga. Alikaa na geji mkononi, hakuthubutu kunitazama.

Safari iliyofuata alipanda na miche ya migomba, sukari, na blanketi jipya zito. Akapiga magoti mbele ya akina mama walewale, akaomba radhi. Mjomba alimwinua, akacheka, akasema, "Yamekwisha, baba." Wakapanda migomba pamoja. Nilifurahi mpaka nikalia.

Jioni nampelekea mjomba chakula, namkuta amevaa koti, lile blanketi jipya kalikunja kwapani.

"Unakwenda wapi, mjomba?"

"Ng'ambo ya bonde, kwa jamaa. Gari limelala hapa, mpwa wangu. Baridi ikifanya mambo yake, bora nisiwepo."

Nikamsihi, nikamzibia mlango kwa mwili wangu. Akanisogeza kwa mkono, taratibu, akapita. Migomba ile ilizaa, ikakatwa, ikachipua tena, na mpaka anafariki, kila gari letu lilipolala uwanjani kwake, mjomba alilala kwa watu.